Mtandao Ukisumbua Mugango: Kosa Liko Kwenye Kompyuta, Ruta au Kampuni?

Mtu akisema mtandao unasumbua, huenda waifai imeishia ukutani, huenda bando limekata usiku, huenda mnara umekosa umeme, huenda mkongo wa baharini umekatika huko Msumbiji, au huenda saa ya kompyuta yake imerudi nyuma miaka kumi. Anachokiona kwenye skrini ni kile kile: duara linazunguka, ukurasa haufunguki. Kwa kuwa dalili ni moja, kila mtu hujichagulia mkosaji. Mwenye nyumba analaumu kampuni. Huduma kwa wateja wanamwambia azime ruta, asubiri, awashe. Jirani anasema shida ni hiyo Linux aliyowekewa, arudi Windows. Fundi anampimia ruta mpya.

Kwa mkazi wa Mugango, kando ya Ziwa Victoria upande wa Musoma Vijijini, kumlaumu asiyehusika kuna gharama ya kweli. Duka la vifaa na ofisi za kampuni za simu ziko Musoma mjini. Safari moja ya kubadilisha ruta isiyo na ubovu ni nauli na siku nzima ya kazi, na jioni tatizo linarudi lilivyokuwa. Mwenye kompyuta ya Linux, au mfumo mwingine wa jamii ya Unix kama FreeBSD au macOS, ana vipimo vingi anavyohitaji ndani ya mashine yake, bila kununua kitu; amri zinazotajwa hapa ni za Linux. Wanachobishania watu ni aanzie wapi, na akishapima, amwamini nani.

Njia yenyewe ilivyo

Watu wa Mugango wanajua, kwa upande wa maji, kwamba kosa laweza kuwa popote njiani. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama huyavuta maji ziwani na kuyasukuma hadi Butiama. Bomba la nyumba ya Butiama likikauka, kosa laweza kuwa kwenye koki, kwenye tangi, njiani Kiabakari au kwenye pampu ya ziwani. Anayeujua mpangilio huanza kwa kuuliza kama jirani ana maji.

Data nayo ina vituo vyake. Inatoka kwenye kompyuta kwa waifai au waya hadi kwenye ruta. Ruta inaituma kwa redio hadi mnarani, au kwa faiba kwa wale waliofikiwa nayo. Kutoka hapo inaingia kwenye mitambo ya kampuni, inasafirishwa kwa nyaya za masafa marefu, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, hadi Dar es Salaam. Kinachokwenda nje ya nchi hupita baharini, kwa mikongo kama Seacom iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kinachobaki ndani ya nchi, kampuni zinaweza kubadilishana katika kituo cha TIX cha Dar es Salaam bila kukitoa nje.

Umbali huo una hesabu yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Jibu kutoka Dar es Salaam likichukua milisekunde 40, hakuna cha kushangaza. Jibu kutoka Ulaya likichukua 150, hilo pia ni la kawaida, na hakuna ruta duniani itakayolipunguza. Lakini jibu kutoka kwenye ruta iliyo mezani likichukua milisekunde 300, kosa limo ndani ya nyumba, na kampuni haihusiki hata kidogo.

Wanaoanza kwa kuzima na kuwasha

Rai ya kwanza ndiyo maarufu kuliko zote, na si ya kipuuzi. Ruta za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo. Zikikaa wiki bila kuzimwa zinaweza kujaa na kuganda. Modemu ya 4G inaweza kung'ang'ania mnara wa mbali hata baada ya mnara wa karibu kurudi hewani, na kando ya ziwa jambo hilo ni jepesi zaidi, kwa sababu hakuna mlima wala msitu unaozuia redio inayokuja juu ya maji. Kuzima na kuwasha kunailazimisha itafute upya. Haigharimu shilingi, na hata asiyejua kompyuta anaweza.

Udhaifu wake ni kwamba inafuta ushahidi. Ruta nyingi za nyumbani nazo zinaendeshwa na Linux, na kumbukumbu za matukio yake hukaa kwenye RAM. Ukichomoa waya wa umeme, maandishi yaliyosema laini ilikataliwa na mnara saa mbili na dakika kumi yamepotea. Zaidi ya hapo, matatizo mengi ya mnara huisha yenyewe baada ya dakika chache. Aliyezima na kuwasha katikati ya dakika hizo anaondoka akiamini ameponya kitu, na kesho anarudia, na keshokutwa. Mtandao unaohitaji kuzimwa kila siku una ugonjwa ambao bado haujatajwa jina.

Wanaosema kampuni ndiyo mkosaji

Mara nyingi wako sahihi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hakuna amri ya kompyuta, ya Linux wala ya Windows, ambayo ingemsaidia mtu wa Mugango. Kuna pia msongamano wa jioni, pale watu wote wa mnara mmoja wanapofungua video kwa pamoja, na kuna vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo ambavyo hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi.

Tena kuna kukatika kusiko na uhusiano wowote na mitambo mibovu. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa karibu nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa akifungua ruta yake na kufuta mipangilio siku hizo alijiongezea hasara juu ya hasara. Kizuizi cha tovuti moja kina sura yake: tovuti nyingine zote zinafunguka, jina la ile iliyozuiwa linaweza hata kupata anwani, lakini mazungumzo yanakatika mwanzoni. Amri `curl -v` ikifuatwa na anwani ya tovuti huonyesha waziwazi ni hatua gani iliyokwama. Mwananchi ana haki ya kujua kama kilichokatika ni waya au ni uamuzi wa mtu, na kipimo hiki kinamsaidia kujua.

Lakini rai hii ina tundu kubwa: inasemwa kabla ya kupima. Waifai iliyopita kuta mbili za tofali na bati la jikoni hutoa dalili zile zile za mnara uliolemewa. Na anayepiga simu kulalamika bila kipimo anapewa jibu lile lile la kuzima na kuwasha, maana mhudumu naye hana cha kushika.

Wanaosema Linux ndiyo mbovu

Hawa husikika sana pale kompyuta iliponunuliwa mtumba na fundi akaweka Ubuntu au Mint kwa sababu Windows ilikuwa nzito. Mhudumu wa simu akisikia Linux, anasema hawaihudumii. Mteja anabaki njia panda.

Kwa kiasi fulani lawama hii ina msingi. Baadhi ya kadi za waifai, hasa za Broadcom na Realtek, hazifanyi kazi vizuri mpaka ziongezewe programu ya mtengenezaji, na kuipata programu hiyo kunahitaji intaneti ambayo ndiyo haipo. Njia ya kutoka ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuruhusu kompyuta itumie data yake. Linux huitambua kama waya wa kawaida. Modemu za USB nazo zina tabia moja: nyingi zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na hubaki hivyo mpaka programu ndogo iitwayo usb_modeswitch iziamuru zigeuke kuwa modemu. Kisha kuna uokoaji wa betri: kadi ya waifai husinzia ili isile umeme, na majibu huchelewa. `iw dev` itakupa jina la kadi, kisha `iw dev wlan0 get power_save`, jina hilo likiwekwa mahali pa wlan0, itakuambia kama usinziaji umewashwa.

Kuna kosa moja ambalo ningependa kila fundi wa kompyuta za mtumba alijue kwa moyo. Laptop ya zamani ina betri ndogo inayotunza saa. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukiondoka kabisa saa inarudi miaka mingi nyuma. Kompyuta inawaka vizuri, waifai inashika, ruta inajibu, hata seva ya nje inajibu. Ila kama mfumo haujairekebisha saa hiyo kupitia mtandao, kila tovuti inakataa, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na mbele ya kompyuta inayodhani ni mwaka 2012 vyeti hivyo bado havijaanza kutumika. Mwenyewe anaapa kuwa mtandao umekufa. Amri moja, `timedatectl`, inaonyesha tarehe, na betri ya kubadilisha mara nyingi ni kile kidonge cha CR2032 kinachouzwa dukani kwa bei ndogo.

Hata hivyo kuitupa Linux kwa sababu hizi ni kuvunja taa kwa kuwa imeonyesha uchafu. Mfumo huu hauna vipimo duni kuliko Windows. Vipimo vyenyewe ni vyake kwa asili: ping, inayopima kama mashine nyingine inajibu, iliandikwa na Mike Muuss kwa ajili ya Unix mwaka 1983, na traceroute, inayoonyesha vituo vya njiani, ikaandikwa na Van Jacobson miaka michache baadaye. Njia rahisi ya kumaliza ubishi ni kuunganisha simu kwenye waifai ile ile, data yake ya simu ikiwa imezimwa. Ikifungua vizuri pale kompyuta inaposhindwa, Linux ina kesi ya kujibu. Ikishindwa nayo, Linux haina hatia.

Kupanda kutoka chini, au kuanzia langoni?

Waliosoma kazi hii hubishana kwa namna nyingine. Wapo wanaofundisha kuanzia chini kabisa: waya, taa, anwani, lango, njia, jina, tovuti, bila kuruka ngazi. Faida yake ni kwamba hakuna kinachosahaulika. Faiba huanza kwa taa: taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna haja ya kugusa kompyuta, aitwe fundi wa kampuni. Waya wa mtandao nao husema: `ethtool` ikionyesha megabiti 100 mahali palipokuwa na 1,000, yaelekea moja ya jozi nne za nyaya imekatika au kichwa hakijakaa sawasawa. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi sana duniani, na tundu la waya kwenye ruta ni moja ya vitu vinavyoungua kwanza. Kwa hiyo hatua hii si ya kudharau baada ya usiku wa mvua. Ubaya wa njia hii ni urefu. Mtu mwenye haraka huchoka katikati, akarudi kwenye kuzima na kuwasha.

Wengine huanzia katikati, na kwa nyumba ya kawaida mimi naona hao ndio wenye hoja nzuri zaidi. Katikati hapo ni ruta yenyewe, yaani lango. `ip route` inaonyesha anwani yake kwenye mstari unaoanza na neno `default`, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Piga `ping -c 20` kwa anwani hiyo. Majibu ishirini yakirudi yote, kila moja kwa milisekunde chache, nusu nzima ya njia imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa: kadi, waifai na anwani ya kompyuta. Yakipotea au yakiyumba kutoka 3 hadi 400, usitoke nje ya nyumba. Sogea karibu na ruta na urudie. Nafuu ikionekana, tatizo ni ukuta na umbali.

Lango likiwa salama, jaribu `ping -c 20 1.1.1.1`, ambayo ni anwani ya nje isiyohitaji jina. Ikijibu ilhali tovuti hazifunguki, macho yaende kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani. `resolvectl status` inaonyesha seva ya majina inayotumika, `dig tcra.go.tz` inaiuliza seva hiyo, na `dig @1.1.1.1 tcra.go.tz` inauliza seva nyingine moja kwa moja. Seva ya pili ikijibu na ya kwanza ikikaa kimya, umeshampata mkosaji. Wengi hapo huhamia seva za majina za umma, 1.1.1.1 au 8.8.8.8, moja kwa moja, na inasaidia, ingawa ina bei yake: seva ya majina ya kampuni iko karibu zaidi, na inaweza kukuelekeza kwenye nakala ya video au programu iliyohifadhiwa ndani ya nchi. Seva ya mbali ikikuelekeza nje, mtandao umepona lakini umekuwa mzito.

Ikiwa 1.1.1.1 haijibu kabisa, angalia bando kabla ya jambo lolote lingine. Salio likiisha, ruta hubaki na anwani, taa zinawaka, na wakati mwingine ukurasa unaofungua hugeuzwa kuwa ukurasa wa kununua kifurushi. Linux yenyewe inaweza kuwa mlaji: masasisho ya Ubuntu hushuka kimyakimya. `nmcli connection modify` pamoja na jina la waifai yako, kisha `connection.metered yes`, huuambia mfumo kwamba data inalipiwa, na `sudo snap set system refresh.metered=hold` huzuia vifurushi vya snap visijisasishe juu ya laini hiyo.

Tatizo linalodanganya wengi

Lipo tatizo ambalo kila kipimo hapo juu kinalipita bila kuliona. Asubuhi ping ni milisekunde 45. Mtoto anapoanza kupandisha picha au video kwenye simu, ping inapanda hadi sekunde nzima, na simu ya WhatsApp ya mzazi inakatakata. Picha ikimaliza kupanda, kila kitu kinarudi sawa. Ruta na modemu hupanga pakiti kwenye foleni ndefu mno, na pakiti ya sauti inasubiri nyuma ya mamia ya pakiti za picha. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa yake mwaka 2012, iitwayo CoDel, na Linux ikaipokea mwaka huo huo; ndugu yake mpya, CAKE, yumo ndani ya Linux tangu 2018.

Dawa hii hufanya kazi palipo na foleni, yaani kwenye ruta, na ruta nyingi za kampuni haziruhusu kuguswa hivyo. Mwenye ruta inayokubali mfumo wa OpenWrt anaweza kuiweka dawa hii, lakini sharti aipunguzie laini kasi makusudi, kidogo chini ya uwezo wake. Kwenye faiba hesabu hiyo ni nyepesi kwa sababu kasi haibadiliki sana. Kwenye 4G kasi ya asubuhi si ya jioni: ukiweka kikomo cha chini unatupa nusu ya ulicholipia asubuhi, ukiweka cha juu dawa haifanyi kazi jioni. Kwa nyumba nyingi za Mugango, kukubaliana kwamba picha zipande usiku kutasaidia zaidi kuliko programu yoyote. Kujua kuwa tatizo ni hili kunaokoa pesa, maana wengi hununua kifurushi cha kasi kubwa zaidi, na foleni inabaki pale pale.

Kampuni ipelekewe nini

Njia zote zikipimwa, naona mpangilio wa kufaa ni huu: uliza jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo, pima lango, pima nje, angalia bando na saa ya kompyuta, na kuzima ruta kuwe hatua ya mwisho, baada ya kuandika ulichokiona. Kama matatizo huja na kuondoka, kipimo cha mara moja hakitoshi. Inahitajika rekodi ya siku kadhaa.

Rekodi moja inayotumika ni ripoti ya `mtr -rwc 100` ikifuatwa na anwani, ambayo hupima kila kituo cha njiani, lakini ndani yake kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Kituo cha katikati kinaweza kuonyesha upotevu wa asilimia 60, na mtu akakimbilia kulaumu hapo. Vituo vingi hupunguza makusudi majibu ya vipimo ili vifanye kazi yao ya kupitisha data. Upotevu una maana pale tu unapoanzia kituo fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari. Ripoti iliyosomwa vibaya humpa mhudumu sababu ya kuitupa.

Gharama ya kuweka rekodi nayo ihesabiwe, kwa sababu hapa data hununuliwa. Ping moja ya kawaida ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Ukipima nje kila sekunde, ni takriban MB 14.5 kwa siku, zaidi ya MB 430 kwa mwezi. Ukipima kila sekunde kumi, kwa `ping -D -O -i 10 1.1.1.1`, ni chini ya MB 1.5 kwa siku. `-D` huweka muda kwenye kila mstari na `-O` huandika jibu lililokosekana. Kipimo cha lango hakili bando kabisa, kwa kuwa hakitoki nje ya nyumba. Kinacholipisha kweli ni kipimo cha kasi: laini ya megabiti 40 ikipimwa kwa sekunde kumi tu inakula MB 50, na anayekirudia mara tano kwa hasira ameteketeza robo ya GB bila kujua lolote jipya.

Mafaili mawili ya matokeo ya ping yaliyohifadhiwa kwa pamoja, la lango na la nje, yanamaliza ubishi. Mteja anayesema kwamba kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku nne mfululizo, lango lilijibu bila kukosa huku nje kukiwa kimya, amemnyima mhudumu nafasi ya kusema ni waifai au ni Linux. Malalamiko yaanzie kwa kampuni yenyewe, mteja achukue namba ya kumbukumbu, na yasiposhughulikiwa yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambako pia kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Huko mafaili hayo yaende yakiwa na muda wake, jina la kifurushi, na mahali ruta ilipo, kwani mnara unaomhudumia mtu wa Mugango ndio unaomhudumia jirani yake, na rekodi za nyumba mbili au tatu zenye saa zile zile ni ngumu zaidi kuzipuuza.